Rangi baadaye, hesi kwanza: kuchagua rezini ya kalamu ya wino

Kipande cha rezini, yaani plastiki ngumu ya kukereza, chenye mawingu ya buluu na dhahabu humvuta kila fundi anayeanza. Anakinunua, anakikereza kwa siku nzima, kisha saa ya kukata hesi, yaani mifereji ya skrubu, kinameguka. Mafundi wengi huziita thredi. Vyovyote uziitavyo, kalamu ya kuchonga mwenyewe inashikwa nazo tu: kifuniko kwenye mwili, mwili kwenye shingo, shingo kwenye nibu. Ndani hamna bomba la shaba la kuibeba. Ndiyo maana kila rezini mpya naipima kwa hesi kabla sijaipenda.

Hatua ya 1: Ijue familia ya kipande chako

Ebonaiti ni mpira uliopikwa kwa salfa nyingi, na kalamu za wino zimetengenezwa kwayo tangu karne ya 19. Hesi zake hutoka kali na laini, kifuniko huzunguka kama kimepakwa mafuta. Kama unajifunza, anza nayo. Ina tabia zake: hunuka salfa ukiikereza, huchujuka rangi ikikaa juani, na salfa yake huifanya fedha iwe nyeusi, basi usiivishe pete ya fedha.

Akriliki ni ngumu, hung'aa vizuri na hushika hesi bila shida ukienda polepole. Poliyurethani, kama ya chapa ya Alumilite, ni laini na haimeguki ovyo, lakini ikipata joto hunata kwenye meno ya tepu, kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu.

Poliesta ndiyo inayohitaji moyo. Inapendeza sana, tena hukatika kama kioo. Niliwahi kukabidhi kalamu ya poliesta nikiwa na furaha tele. Wiki mbili baadaye ikarudi na ufa kwenye kifuniko, umeanzia kwenye hesi ya kwanza. Ukuta niliuacha mwembamba mno, na ukingo wa tundu sikuuchonga mteremko. Tangu siku hiyo sikati hesi yoyote kabla ya kuondoa ile kona kali ya mdomoni.

Seluloidi iache mpaka uzoee: inashika moto upesi na huendelea kusinyaa kwa muda mrefu. Kaseini hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo haifai mahali panapoguswa na wino.

Hatua ya 2: Toa kipande cha majaribio

Kata milimita 25 kutoka mwisho wa kipande. Kikereze kwa patasi kali na utazame maranda yake. Yakitoka utepe mrefu, rezini ina uvumilivu. Yakiruka vumbi na vijiwe, punguza kina cha kukata na ujiandae kwa kazi ya taratibu. Tazama pia kama kuna vipovu vya hewa: kipovu kimoja kikiangukia kwenye hesi, jino lote linapotea.

Hatua ya 3: Kata hesi za majaribio

Kwa kifuniko natumia M13 x 0.8 (kipenyo milimita 13, meno yakiachana milimita 0.8) yenye njia tatu, yaani mifereji mitatu inayokimbia sambamba. Kila mzunguko husogea milimita 2.4, na ndiyo maana kifuniko hufunguka upesi. Tundu la tepu huwa milimita 12.2, kwa poliesta nalipanua hadi 12.3. Upande wa dai, kifaa cha kukatia hesi za nje, kereza kijiti hadi 12.9 badala ya 13 kamili, ili meno yasilazimishwe.

Zima mota. Zungusha kwa mkono, robo mzunguko mbele, kisha rudi kidogo maranda yakatike. Lainisha kwa maji ya sabuni. Spiriti usiiguse kwenye akriliki, maana huiletea nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.

Piga hesabu ya ukuta pia. Kifuniko cha kipenyo cha milimita 15 kikikatwa hesi ya 13 kinabaki na milimita 1 tu kila upande. Ebonaiti huvumilia hilo. Poliesta naiongezea unene hata kama umbo litakuwa nene kuliko nilivyotaka.

Hatua ya 4: Soma meno

Chukua kioo cha kukuzia. Ncha zilizogeuka nyeupe zimebanwa. Zilizoviringika zimeyeyuka kwa joto. Zikikosekana kabisa, rezini inameguka. Kisha funga na kufungua mara 50. Vumbi likidondoka, meno yanalika.

Viache vipande siku tatu au nne, halafu vijaribu tena. Rezini iliyomiminwa ambayo haijakomaa huendelea kunywea, na kifuniko kilichoingia vizuri leo hukwama baadaye.

Hatua ya 5: Ikishindwa, itie pete ya ndani

Usitupe kipande kizuri. Hapa ndipo pia pa kuokoa vipande vya rezini iliyochanganywa na mbao, ambavyo nyuzi zake huvunja meno. Panua tundu la mdomo wa kifuniko, kereza pete ya ebonaiti iingie kwa kuteleza, kwaruza pande zote mbili kwa msasa na uigandishe kwa epoksi. Rezini ikiwa ya kupenya mwanga, gundi itaonekana, basi chagua pete nyeusi au ipake rangi nyuma yake. Acha epoksi ikauke saa 24 ndipo uingize tepu, sasa ndani ya ebonaiti.