Kuomba kibali cha bango la taa za EL hapa Tanga: anza na barabara, fundi baadae

EL (electroluminescence) ni karatasi nyembamba inayowaka yenyewe ikipewa umeme, nitaieleza zaidi huko mbele. Watu wengi wanakuja na fleksi ishaprintiwa, mchomeleaji kashapewa advansi, halafu ndo wanauliza eti kibali kinachukuliwa wapi. Hapo ushajifunga mwenyewe. Swali la kwanza ni hili tu, barabara unayotaka tangazo lako lionekane ni ya nani na pale nguzo inaposimama ni pa nani.

Barabara inayotoka Segera ikapita Pongwe na Kange kuingia mjini, na ile ya kwenda Horohoro, hizo ni barabara kuu, zipo chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu), na hifadhi yake, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 60, maana yake 30 kila upande. Unapima kutoka katikati ya barabara, sio kutoka lami inapoishia, hapa ndo watu wanapopigwa chenga kila siku. Nenda na futi kamba na mtu wa kukushikia upande wa pili, pima kabla hujalipenda eneo. Ukiwa ndani ya hizo mita barua yako inaenda kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa. Mitaa ya ndani, kama zile barabara za namba kule Ngamiani, mara nyingi ni TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini).

Kama nguzo inasimama kwenye kiwanja cha mtu au bango linakaa ukutani kwenye duka, chukua barua ya ridhaa ya mwenye mali pamoja na nakala ya hati. Nyumba ya urithi asaini msimamizi wa mirathi, usikubali saini ya yule kaka mmoja anaekaa pale tu, wenzake wakitoka Dar wakaikuta nguzo ya watu uani kwao hutapata usingizi.

Ukishamaliza hilo pita kwa mtendaji wa mtaa, kisha barua kwa Mkurugenzi wa Jiji. Ambatanisha TIN, leseni ya biashara (siku hizi inaombwa kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri), cheti cha BRELA kama ni kampuni au jina la biashara, picha ya eneo mchana, ramani ndogo ya kuonyesha lilipo, picha ya tangazo lenyewe, na kwa bango la nguzo mchoro wa muundo uliosainiwa na injinia aliyesajiliwa. Tangazo la dawa linatakiwa lipite TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwanza. Kama upo karibu na uwanja wa ndege na nguzo ni ndefu, uliza mapema habari ya urefu kwa watu wa usafiri wa anga.

Sasa kwenye hiyo barua usiandike "bango la taa" ukaishia hapo. Afisa akisoma hivyo anawaza skrini za LED zinazomulika madereva usoni, na ana haki ya kuwaza hivyo. EL ni kitu kingine kabisa. Ni karatasi nyembamba, ndani kuna unga wa fosfa, kwa kawaida zinki salfaidi yenye shaba kidogo, umebanwa katikati ya tabaka mbili zinazopitisha umeme na moja inapitisha mwanga, ukiupa umeme wa AC unawaka wenyewe karatasi nzima bila balbu wala moto. Mfaransa Georges Destriau ndo aligundua huo mng'ao 1936. Mwanga wake ni wa upole, bluu ikivutia kwenye kijani, mchana wala hauonekani unaona printi tu. Uzuri wake karatasi inagawanywa vipande vikawashwa kwa zamu, chupa ya soda ikaonekana inamimina. Kwa hiyo andika wazi: ukubwa, urefu kutoka chini, pande ngapi, linawaka saa ngapi mpaka saa ngapi, na kama picha inatembea sema inatembea, usifiche, maana wakija kukagua usiku wakakuta inacheza na kwenye barua imesimama utaambiwa uzime.

Ada inategemea ukubwa, na lenye mwanga halilipi sawa na lisilo na mwanga. Bango la mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18, ukiweka pande mbili ujue ni 36, piga hesabu hiyo na mteja wako kabla ya kukubaliana bei. Malipo ni kwa kontroo namba, yeyote anaekwambia mpe yeye mkononi akulipie, muage tu kwa adabu.

Umeme: unaweza kuchukua kwenye LUKU ya duka kama mwenyewe karidhia, au uombe mita yako kwa NiKonekt (mfumo wa TANESCO wa kuombea umeme), na wayaringi afanye mkandarasi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Umeme wa TANESCO ni volti 230 hezi 50 (hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), usiuunge moja kwa moja kwenye karatasi, lazima upitie inveta ya EL inayopandisha hezi mpaka mamia, 400 na kuendelea. Ukiongeza hezi mwanga unazidi ila karatasi inakufa haraka, na inveta ichaguliwe kwa eneo la karatasi, ikizidiwa utaisikia inalia kama mbu usiku kucha.

Na jamani hapa ni pwani. Adui wa EL ni unyevu, na wakati wa masika hewa yenyewe ni maji. Fundi akikata karatasi kufuata umbo la herufi halafu asizibe ile kingo vizuri, utaona doa jeusi linaanza pembeni linatambaa kwenda ndani, na likishaingia halirudi. Ziba kingo zote, boksi liwe na matundu ya maji kutoka chini, chuma kipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, kule Raskazone chumvi haimwonei mtu huruma.

Bango likishasimama waite watu wa Jiji waje wakague, risiti na kibali weka kopi kwenye simu. Ada inalipwa kila mwaka, na ukibadilisha tangazo peleka picha mpya, ukiongeza ukubwa hata kidogo unaanza upya na barua.