Waendesha kliniki ya tumbo na bima zimegeuka? Pitia haya kwanza

Mimi si daktari. Mimi ndiye yule wa nyuma ya mlango ulioandikwa "Ofisi", anayelipa stima, anayembembeleza fundi wa jenereta, na anayeambiwa na dokta "hayo mambo ya bima malizana nao wewe". Niko kwenye kliniki ya tumbo hapa Mombasa, tunapiga kamera ya juu (ya kupitia mdomoni) na ya chini (ya kupitia njia ya haja kubwa), vidonda vya tumbo, maini, bawasiri, yote hayo, na nilikuwa kwenye hiki kiti tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, ilipofunga duka lililofunguliwa 1966 na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikaingia. Kwa hivyo haya sikuyapata semina. Kama wafungua kliniki au umekabidhiwa moja uiendeshe, soma kabla hujamwita mtu wa bango.

Leseni ya kituo, ya dokta na ya nesi, zote ziwe hai na tarehe za kuisha ubandike ukutani. Hilo halina hadithi.

Mkataba na bima uwe kwa jina lile lile lililo kwenye leseni, herufi kwa herufi. Hilo pia halina hadithi, lina kilio tu.

Jua ngazi ya kituo chako, yaani daraja kilichopewa na serikali, na ujue inafungua mlango gani wa pesa. Chini ya SHA kuna mifuko mitatu, na wagonjwa wengi wadhani ni mmoja. Kuna mfuko wa afya ya msingi, huo ni wa zahanati na vituo vya afya, mtu akishajisajili anatibiwa bila kulipa. Kuna SHIF yenyewe, mfuko wa bima ya afya ya jamii, hiyo ndiyo ya hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu na ni lazima mchango uwe umelipwa. Halafu kuna ule wa dharura na magonjwa sugu, unaosaidia pale SHIF inapoishia. Sasa mtu alitibiwa malaria bure dispensari ya mtaani kwao, akaambiwa "wewe uko SHA, uko sawa", anakuja kwako kutaka kolonoskopi, ile kamera ya chini, na moyo umetulia. Hajakosea yeye, alichoambiwa ni kweli kwa pale alipokuwa. Wewe ndiye wa kumweleza tofauti, na umweleze siku anapobuku, usingoje siku ya kipimo. Hapa napita haraka kwa sababu nitarudi, na nikirudi nitakaa.

Usisahau wewe pia ni mwajiri. Ule mchango wa SHIF, 2.75% ya mshahara mzima wa mfanyakazi wako, uufikishe SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Na uwaeleze wafanyakazi KABLA hawajaona payslip, maana zamani mtu wa mshahara wa 100,000 alikatwa 1,700 na hapo ndipo palikuwa kikomo, sasa anakatwa 2,750 na kikomo hakuna. Sisi hatukueleza, tukaona kila mtu anajua si wanasikiliza redio, mwisho wa mwezi nesi akaingia ofisini na karatasi mkononi akaniuliza kama nimeanza kujenga kwa pesa zake.

Pesa ya kukaa. Uwe na pesa ya miezi mitatu ya mishahara, kodi na dawa ya usingizi, iko benki na haiguswi. Bima yoyote, ya serikali au ya kampuni, inalipa baadaye, na mfumo ukibadilika hiyo baadaye inarefuka. NHIF ilipovunjwa mahospitali yalibaki yanadai mabilioni. Mwezi Machi 2025 Rais akasema wanaodai milioni 10 kushuka chini watalipwa chote, wa juu ya hapo madai yao yahakikiwe kwanza. Na neno kuhakikiwa kwa sisi watu wa ofisi maana yake ni karatasi tu. Fomu iliyosainiwa, ripoti ya dokta, picha ya kipimo, majibu ya maabara, nambari ya klemu (lile dai la malipo unalopeleka kwa bima), vyote pamoja kwenye faili moja ambalo mtu asiyekujua anaweza kulifungua akaelewa. Kama faili zako ziko kwenye boksi la glavu chini ya meza, anza leo. Na usitegemee mlipaji mmoja hata akiwa mzuri namna gani, changanya, wa kulipa mkononi wawepo, bima za kampuni ziwepo, SHA iwepo.

Halafu bei. Kaa chini na kalamu upige hesabu kipimo kimoja chakugharimu nini hasa, kabla hujasaini na bima kitita chochote cha bei. Dawa ya usingizi, glavu, koleo za kukatia kinyama, sabuni ya kuoshea skopu (ule mpira wenye kamera), dawa ya kuilowekea, saa za nesi, stima. Na maabara! Dokta akikata kinyama kidogo kikapimwe, nani analipa maabara? Wagonjwa wengi wajua kipimo ni kipimo, kisha wiki inayofuata anaambiwa kuna bili nyingine ndipo achukue majibu, na wengine hawarudi kuyachukua. Mtu ana jibu la saratani limekaa kwenye droo kwa sababu ya bili ambayo hakuna aliyemtajia. Mtajie siku ya kwanza.

Sasa nirudi pale.

Mwezi wa tisa 2024, kadi ya NHIF bado yafanya kazi, mzee mmoja wa upande wa Kwale akabuku kolonoskopi. Choo kilikuwa kina damu miezi kadhaa, dokta akasema huyu asicheleweshwe, tukampa tarehe ya karibu iliyokuwepo, ikaangukia wiki ya pili ya Oktoba. Tukaandika kwenye kitabu "NHIF". Tukampa na pakiti zake za dawa ya kusafisha tumbo aende nazo nyumbani, kama tulivyofanya siku zote, lita mbili jioni, lita mbili alfajiri. Siku moja kabla dada wa mapokezi akampigia, baba umeacha kula, ndio, umechanganya dawa, ndio, haya kesho saa mbili. Simu nzuri kabisa. Hakuna aliyemuuliza kama amejisajili na mfumo mpya, na simlaumu yule dada, karatasi ya maswali niliichapa mimi na swali hilo sikuliweka.

Mzee alilala kwa binti yake Likoni ili awe karibu. Saa kumi alfajiri yuko na jagi. Wajua kivuko cha Likoni asubuhi kilivyo, foleni, jua lachomoza, watu wamebanana, na wewe tumbo limefunguka kama bomba. Mkewe alikuja na leso tatu na mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, akaniambia baadaye mbili zilitumika kabla hawajafika ng'ambo.

Saa mbili kasoro wako mapokezi. Tunaingiza nambari ya kitambulisho: amesajiliwa, ndiyo, mwanawe alimsajili kwa simu. Lakini mchango haujalipwa. Huyu ni mvuvi hana mwajiri wa kumkata, kwa hivyo ni ajibu yale maswali ya hali yake ya maisha, apangiwe kiasi, kisha alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwanawe alifika kwenye kusajili akaona kazi imeisha. Tukampigia mwana, yuko kazini Malindi, hana hiyo pesa asubuhi hiyo, anaomba muda apige simu kwa ndugu. Tukasema haya, tunangoja. Mzee akakaa kwenye bechi.

Na hapa ndipo naona haya mpaka leo. Mzee ana sukari. Alikuwa amemeza kidonge chake cha sukari alfajiri kama kawaida kwa sababu karatasi yetu ilisema "usile" na haikusema neno kuhusu vidonge vya sukari. Tumbo halina kitu tangu jana mchana, tulimpangia wa kwanza ili saa nne awe anakunywa chai, na sasa ni saa tano yuko kwenye bechi anangoja mwanawe apigiwe na mjomba. Nilipita hapo mara mbili na faili mkononi. Mara ya tatu namwona anatoka jasho shati limegandana, macho yako wazi lakini hayanitazami. Nesi akampima, sukari imeshuka mpaka 2.9. Akawekewa dripu ya glukosi pale pale kwenye kitanda cha kuamkia, baada ya muda akaanza kuuliza kofia yake iko wapi.

Kipimo hakikufanyika siku hiyo. Pesa ilipatikana saa nane mchana, wakati mzee keshakula mkate na chai ya maziwa. Mkewe alikuwa ametulia muda wote, hakupandisha sauti hata kidogo. Alipokuwa anakunja leso zake akanitazama akasema, "Mwanangu, mumemsafisha mpaka roho, ndio sasa mwatuuliza karatasi?"

Sikuwa na jibu. Tulimrudisha wiki iliyofuata, dawa ya kusafisha tukatoa sisi, akakutwa na uvimbe ambao dokta aliuondoa kwa kamera hiyo hiyo, akaendelea na uvuvi wake. Ilitokea vizuri kwa sababu ilitokea vizuri, si kwa sababu ya akili yangu.

Kwa hivyo sasa kwetu pakiti za dawa ya kusafisha tumbo hazitoki kaunta mpaka malipo yathibitike, kama kibali cha bima kinatakiwa kiwe kimepatikana, na nimekiona mimi kwa macho yangu. Mgonjwa akilalamika kwamba anatoka mbali tunazituma kwa mtu wa basi ama duka la dawa la kwao, lakini baada ya kibali. Siku tatu kabla tunaangalia tena, siku moja kabla tunaangalia tena, maana aliyekuwa sawa Jumatatu anaweza asiwe sawa Alhamisi. Mwenye sukari anapewa karatasi yake peke yake yenye maagizo ya vidonge na insulini, imeandikwa na dokta, si na mimi. Na akikaa bechi kwa sababu yoyote ile anapimwa sukari kila saa, sababu iwe ni bima, stima au dokta kukwama Nyali. Simu ya mgonjwa pia iwepo na iwe na chaji: mwanzoni nambari ya siri ilikuwa inakuja kwa simu, na kama simu iliyosajiliwa ni ya mwana aliye Malindi basi na nambari inakwenda Malindi. Baadaye mambo yakahamia alama za vidole, na hapo utakutana na mzee wa nyavu ambaye vidole vimelika kwa kamba mashine haimsomi. Jua mapema utafanyaje, usianze kujifunzia kwake.

Mengine kwa haraka. Skopu ipimwe liki, yaani kama ina tundu, kila baada ya mgonjwa kabla ya kuzamishwa kwenye maji, kila mara, hata kama ni wa nane na watu wamechoka, tundu dogo kama la sindano likiingiza maji ndani basi umeaga skopu yako kwa wiki nyingi na bili utaisoma umekaa. Anayepimwa bakteria wa vidonda vya tumbo aulizwe omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, watu wa hapa wanaitafuna kama njugu, na akiwa hajaiacha wiki mbili, au antibiotiki wiki nne, kipimo chaweza kusema hana kumbe anaye, na bima haitafurahi kulipia cha pili. Taarifa za wagonjwa msitume kwenye grupu la WhatsApp la kazini, kuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na ukishika habari za afya za watu wajisajili hata ukiwa mdogo. Klemu zifungwe siku hiyo hiyo, ya kesho haipo. Mtu wa klemu wawe wawili, mmoja akiugua usiugue nawe. Matangazo mapya ya viwango vya malipo ya bima soma mwenyewe mpaka mwisho, usisomewe na mtu aliyesomewa na mtu.

Jenereta iwashwe kila Ijumaa hata kama stima ipo. Betri ya kompyuta ya mapokezi angalia. Na vyoo jamani, kliniki ya kusafisha watu matumbo haiwezi kuwa na choo kimoja, na maji ya Mombasa unayajua. Tanki lijazwe Jumapili.