Kuseti risiva iendane na sebule yako

Watu wananunua risiva poa (ile mashine inaendesha spika zote za sebule), wanachomeka ile maiki ndogo ya kupimia, inapiga makelele yake ya kupima, ikimaliza wanaacha hapo, halafu baada ya wiki wanasema besi imepotea ama maneno ya filamu hayaskiki. Mara mingi risiva haina shida, ni vile ulipima na modi uliyoacha.

Maiki iweke kwa traipodi, urefu wa masikio yako ukiwa umekaa, usiishike na mkono wala kuiweka juu ya kochi. Kama unaishi karibu na steji ya matatu pima usiku sana, uzime feni na friji. Sabufa, kabla uanze, zungusha kifundo cha krosova (ile namba ya Hz sabufa inaanzia kubeba besi kwenda chini) hadi namba ya juu kabisa, volyumu katikati. Audyssey, ule mfumo wa kupima wa risiva kama Denon na Marantz, ile ya kawaida inapima sehemu 6, XT32 ya juu inafika 8, pima zote tafadhali, ya kwanza iwe pale unakaaga, zingine usiende mbali, karibu nusu mita hivi inatosha.

Ikimaliza angalia spika kwa menyu, kama imeandika Large weka Small na krosova 80 Hz, hapo sabufa ndio itabeba besi. Ukiona sabufa iko mita 5 na wewe unajua iko mita 3, wacha hivyo hivyo, inahesabu pia ule muda sauti inachelewa ndani ya sabufa yenyewe.

Sasa modi za Audyssey. Reference inapunguza trebo (zile sauti nyembamba kali) kidogo, Flat haipunguzi. Nyumba zetu mingi hapa Nairobi ni tailsi chini, ukuta wa mawe na dirisha kubwa, sauti inagonga inarudi, so mimi ningeanza na Reference, Flat ni ya mtu anakaa karibu sana na spika ama chumba chake kimejaa vitambaa. Kwa Yamaha, YPAO, mfumo wao wa kupima, ina Natural, hiyo ndio inatuliza trebo. Lakini hakuna modi itamaliza mwangwi, enda Eastleigh utafute kapeti na pazia nzito kwanza, ukishaweka pima upya.

Dynamic EQ ya Audyssey ndio watu wa ploti wanahitaji kabisa, kwa sababu hatuwezi fungulia volyumu, na volyumu ikiwa ndogo sikio linapoteza besi mapema, so hiyo kitu inairudisha. Filamu acha Reference Level Offset kwa 0. Muziki ukivuma kupita kiasi panda 10 ama 15, hizo namba kubwa zinapunguza ile nyongeza, watu wengi wanadhani ni kinyume.

Usiku watoto wakilala washa Dynamic Volume kwa Light, milipuko inashuka na maneno yanapanda. Na kama risiva yako ina LFC (Low Frequency Containment, pia ya Audyssey), iwashe pia, inapunguza zile besi zinapenya ukuta kwa jirani.