Somo: Nyumba ya matofali mabichi inayobaki na ubaridi mchana, kwa wajenzi wa Dodoma na Singida

Ninaandika yote mahali pamoja kwa sababu swali la lipu, yaani kama ukuta wa udongo upigwe lipu ya saruji, hurudi kila mara, na jibu lake halieleweki bila hatua zinazolitangulia.

Hatua ya 1. Urefu wa nyumba uelekee mashariki na magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini.

Hatua ya 2. Msingi uwe wa mawe, uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi.

Hatua ya 3. Tikisa udongo na maji ndani ya chupa angavu, uuache utuame, uone kiasi cha mfinyanzi na mchanga. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, ukipungua, litamong'onyoka.

Hatua ya 4. Fyatua matofali, yakaushe kivulini, na ukuta uwe na unene wa sentimita 30 hadi 40. Joto la mchana huchukua saa nyingi kuupenya, na linapofika ndani, usiku umekwisha kupoa, nawe hufungua madirisha. Wagogo walitegemea jambo hilohilo katika tembe zao.

Hatua ya 5. Lipu. Hapa ndipo nyumba nyingi nzuri huharibika, kwa sababu mwenye nyumba hutaka ukuta ung'ae kama wa mjini, akaufunika udongo kwa saruji. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa, ilhali saruji ni ngumu na haitanuki pamoja nao. Hupata nyufa, mvua hupenya, maji hukosa njia ya kutoka, na udongo hulainika kimyakimya nyuma ya lipu hadi siku inapobanduka ikiwa na kipande cha ukuta. Ndani tumia udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Nje tumia chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, juu ya ukuta uliokauka kabisa, uliokwaruzwa na kunyunyiziwa maji. Linda macho na ngozi, kwani chokaa huunguza.

Hatua ya 6. Upenu utokeze sentimita 60 au zaidi. Chini ya mabati weka dari, na uache matundu ya hewa.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikiweka saruji kidogo tu kwenye lipu?
Jibu: Soma hatua ya 5.

Swali: Fundi wangu anasema saruji haina shida.
Jibu: Mwombe akuoneshe ukuta wa udongo alioupiga lipu hiyo, uliokwisha kupita masika kadhaa.

Swali: Ndugu, mimi niko Pangani. Je, unene huu utanifaa?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi. Pwani usiku haupoi vya kutosha, hivyo ukuta mnene ungekuhifadhia joto hadi asubuhi. Kwako upepo ndio wenye kazi: kuta nyembamba, madirisha yanayokabiliana, paa refu la makuti na baraza pana.

Mchangiaji: Upande wa magharibi nimepanda mwarobaini, na chumba kile kimepoa.
Jibu: Ahsante. Wengine waige, ila miti ikae mbali kidogo na msingi kwa sababu ya mizizi.