Kisu cha Mzamiaji: Kukichagua, Kukinoa na Kukiweka Mbali na Kutu

Kazi ya kisu chini ya maji ni kukunasua. Si silaha ya kumtishia papa, wala si cha kubandulia chaza. Huku Mafia, ninakoongoza wazamiaji, kinachonasa watu zaidi ya vyote ni mshipi wa nailoni. Mvuvi ukimkatikia unabaki umezonga matumbawe, na ndani ya maji hauonekani mpaka jua liupige. Mara nyingi unashika shingo ya mtungi wa hewa, nyuma kabisa, mahali ambapo macho yako hayafiki. Hayo yakikukuta kwenye mlango wa bahari wa Kinasi mkondo unapokwenda kasi, unahitaji kisu kidogo, kikali, na mkono unaojua kilipo.

Kidogo nasema makusudi. Ubapa wa sentimita 7 hadi 10 unatosha. Yale mapanga ya kufunga mguuni yanavutia kwenye picha, lakini ala iliyo upande wa nje wa shavu la mguu ndiyo ya kwanza kukamatwa na wavu. Funga kisu chako kifuani au kwenye mkanda wa jaketi la kuelea, karibu na katikati, mkono wa kulia na wa kushoto yote ikifikie. Kabla ya kununua, kitie kwenye ala, kigeuze juu chini, ukitikise kwa nguvu. Kikichomoka, kirudishe. Kisha kichomoe kwa mkono mmoja huku umevaa glavu na umefumba macho. Ala iwe na tundu chini la kutolea maji.

Ncha butu ndiyo chaguo langu. Utakuwa unakata karibu na hozi ya hewa, karibu na ngozi yako au ya mwenzako, na ncha kali haikuongezei kitu hapo. Makali yawe ya namna mbili: upande laini kwa mshipi na nyavu, upande wa meno kwa kamba nene. Kijipengo cha kukatia uzi kikiwepo, vizuri. Mshipi wenye waya wa chuma hutaukata kwa kisu chochote; kwa huo beba pia mkasi wa wauguzi wa ajali, ule wenye ncha iliyopinda, ambao hukata hata waya mwembamba.

Kuhusu chuma, angalia namba ya aina yake iliyogongwa kwenye shina la ubapa. 316 ina kaboni kidogo sana, kwa hiyo inavumilia chumvi lakini makali yake hayadumu. 440C ina kaboni nyingi: inashika makali muda mrefu, ila ukiipuuza inaota kutu. 420 ya kaboni ndogo iko katikati, na kwa anayeanza inatosha. Titani haishiki kutu kabisa, ni nyepesi, bei yake inauma, na upande wake laini huwahi kuwa butu. Kama unazamia kila siku na unapenda kunoa, chukua chuma. Kama kisu kinakaa kabatini mpaka likizo, titani itakufaa zaidi.

Matunzo ndipo wengi wanapopoteza visu vizuri. Kutu haianzii baharini. Inaanzia kwenye ala, jioni, kisu kikiwa kimerudishwa na chumvi yake. Vijana ninaowafundisha hapa Utende nawaambia: ukishuka chomboni, kisu nje ya ala, vyote viwili kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Kama mpini unafunguka, fungua skrubu, maana chumvi hujificha pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Sugua kwa mswaki mkuukuu, futa, acha kikauke kivulini. Kisha paka grisi ya silikoni, ileile ya ringi za mpira, safu nyembamba tu. Mafuta ya nazi yanasaidia siku mbili tatu, lakini yakikaa yanachacha na kunata. Mafuta ya injini usiguse, yanaharibu mpira.

Madoa ya kahawia yakitokea, sugua kwa ndimu, suuza mara moja, kausha. Ukiona vitundu vidogo kwenye makali, ndimu haitoshi. Inabidi kunoa mpaka uvipite.

Kunoa: loweka kinoo chenye chembe za namba 400, halafu umalizie na cha 1000, ambacho ni laini zaidi. Pembe ya nyuzi 20 hivi inatosha. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita 2, inua mgongo wa kisu kama milimita 7 kutoka kwenye jiwe. Sukuma kutoka shina hadi ncha, kwa pembe ileile, mpaka upitishe kidole taratibu upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea ukingoni, na uhisi kikwaruzo chembamba urefu wote. Hapo geuza. Meno usiyaburuze kwenye kinoo, utayafuta. Viringisha msasa kwenye penseli, piga kila pengo kwa upande uliochongwa tu, kisha pitisha upande bapa mara moja kwenye jiwe.

Usipime makali kwa karatasi. Shika mshipi uliolegea, bila kuuvuta, uone kama unakatika kwa mpito mmoja. Halafu jaribu meno kwenye kipande cha kamba ya nanga.

Na ukinaswa kweli, usijizungushe. Kila mzunguko unaongeza fundo. Simama, pumua, mwashirie mwenzako aje nyuma yako. Yeye anaona. Kama uko peke yako, uvute uzi ukaze kwa mkono mmoja, kata ukielekeza makali mbali na hozi. Kata panapokushika tu. Wavu wenye maboya ambao bado unatumika ni riziki ya mtu; kama ni wavu uliotelekezwa, tia alama mahali pale na uwaambie askari wa hifadhi ya bahari.

Ukija kwa ndege kutoka Dar, kisu kikae kwenye begi unalokabidhi, kikavu, ndani ya ala iliyofungwa. Na ukienda kuzamia nchi nyingine uliza kwanza: hifadhi ya Cozumel huko Meksiko, kwa mfano, hairuhusu visu.