SOMO: Umeletewa TV, deki au sabufa kutoka Marekani? Soma hapa kabla hujachomeka ukutani

Wadau habarini. Nimeona niandike hili somo maana mizigo inaingia kwa wingi sana hapa Kigoma, kuna waliorudi jumla na vitu vyao vyote vya sebuleni, kuna wengine wana ndugu waliotoka kambini Nyarugusu wakapelekwa Marekani na Canada na sasa wanatuma TV, deki za dvd, sabufa, kamera za video, na mara kwa mara hapa Mwanga naletewa kifaa kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo, kimekufa dakika ileile kilipochomekwa. Inauma sana. Mtu kajinyima huko, kalipia mzigo hadi Dar, ukapanda treni mpaka huku mwisho wa reli, halafu unaishia kwenye soketi ya ukutani.

Kitu cha kwanza mjue kwamba hapa kuna mambo matatu na kila moja linajitegemea: umeme, mfumo wa picha, na jinsi ya kupata chaneli au kusoma diski. Watu wengi wanatatua moja wanadhani wamemaliza. TV imewaka, sasa mbona king'amuzi hakionekani? Ndo hivyo, umeme umepita lakini mfumo wa picha bado.

HATUA YA 1: GEUZA KIFAA, SOMA NYUMA

Kabla ya kitu chochote geuza kifaa utafute kibandiko au maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia. Kama inatumia chaja ya pembeni soma kwenye chaja yenyewe. Utakuta moja kati ya haya mawili.

Ikiandikwa 100-240V 50/60Hz (V ni volti, Hz ni mara ngapi umeme unacheza kwa sekunde), shukuru Mungu, hiyo inakula umeme wa nchi yoyote, wewe tafuta adapta tu ya kubadilisha miguu ya plagi au mpe fundi akubadilishie waya. Laptop karibu zote ziko hivi, chaja za kamera za kisasa, PS4 na PS5, na baadhi ya TV za flati za miaka ya karibuni.

Ikiandikwa 120V 60Hz peke yake (ya Japani itaandikwa 100V), SIMAMA HAPO. Umeme wetu ni 230V 50Hz, karibu mara mbili. Na hapa ndo pa kuelewana vizuri: ile adapta ya elfu mbili tatu unayonunua dukani inabadilisha umbo la miguu tu, umeme haiugusi kabisa, ukiichomeka ni sawasawa na kukata waya na kuuunga moja kwa moja kwenye 230. Ndani ya power saplai ya kifaa cha 120 umeme ukishageuzwa kuwa wa DC (wa upande mmoja kama wa betri) unafika kama volti 170, kwa hiyo kiwandani wanaweka kapasita (kidude cha kutunza umeme) lililoandikwa 200V, sasa ukileta 230 inapanda mpaka volti 325, lile kapasita linavimba au linapasuka na kila kilicho mbele yake kinaondoka nalo. Kuna vifaa vina bahati, vina kidude cha ulinzi kinaitwa varista, kinajitoa kafara kikaunguza fyuzi na mengine yakabaki salama, kwa hiyo kama imekutokea usitupe, peleka kwa fundi afungue kwanza.

Vya kuviogopa zaidi ni sabufa na home theatre, amplifaya, deki za kanda, Xbox 360 na Wii za Marekani. Hivi vingi ni 120 tu. Ila angalia pia nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115/230, baadhi ya amplifaya na kompyuta za mezani wanayo, unaisogeza kwa bisibisi kwenda 230 KABLA ya kuchomeka na mambo yameisha.

HATUA YA 2: TRANSFOMA YA KUSHUSHA

Kwa vile vya 120 unahitaji transfoma ya kushusha 220 kwenda 110. Usihofu kwamba ni 110 na kifaa kimeandika 120, kinafanya kazi vizuri.

Ukubwa wake unapigia hesabu. Kwenye kibandiko chukua volti zidisha kwa ampia, mfano 120V na 1.5A inakuwa wati 180, hapo nunua ya wati 300 kwenda juu. Sabufa ya 120V na 5A ni wati 600, hiyo chukua ya 1000. Usinunue iliyolingana pimapima, hizi za dukani nyingi wati zilizoandikwa juu ya boksi hazifiki, na transfoma ikizidiwa inachemka hadi harufu inatoka. Nzuri ni nzito mkononi, ina shaba na chuma ndani. Kuna vidude vyepesi vinauzwa vimeandikwa wati 1600 na vinaingia mfukoni, vile ni vya pasi na mashine za kukaushia nywele, usivifungie TV wala sabufa hata kwa dakika moja, umeme unaotoka mle umekatwakatwa.

Halafu hii watu huwa hawaambiwi dukani: transfoma inashusha volti lakini haibadilishi 50Hz kuwa 60Hz. Kwa TV na dvd haina shida kwa sababu ndani wanageuza umeme kuwa DC. Ila mashine ya santuri ya zamani yenye mota inayofuata Hz za umeme wa ukutani itazunguka polepole na muziki utakuwa mzito, saa za ukutani za umeme zitachelewa, na amplifaya za zamani zenye transfoma kubwa ndani zitapata joto kuliko zilivyokuwa kwao, kwa hiyo zipe hewa usizibane kabatini.

Na kwa sisi tunaojua umeme wetu unavyocheza jioni, stebilaiza inakaa KABLA ya transfoma, yaani ukuta, stebilaiza, transfoma, kifaa. Maana transfoma inagawa kwa mbili kile ilichopewa, ukutani zikishuka mpaka 180 kifaa chako kinapata 90, umeme ukirudi kwa kishindo nacho kinapata kishindo chake. Plagi ya Marekani yenye mguu wa tatu wa duara usiukate, ule ni wa ethi, yaani wa usalama.

HATUA YA 3: MFUMO WA PICHA

Hapa ndo penye maneno mengi mitaani. Marekani, Canada na Japani walitumia NTSC, mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Sisi ni PAL, mistari 625 na picha 25, Zanzibar walianza nayo tangu TV yao ya rangi miaka ya 70, bara vituo vilipoanza 1994 vikafuata huohuo. Majirani zetu Burundi na Kongo walichukua SECAM ya Wafaransa.

TV nyingi zilizouzwa huku, hata zile za chogo, zinapokea mifumo yote, utaona kwenye menyu AUTO, PAL, SECAM, NTSC. Shida ni kinyume chake, TV iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi inajua NTSC tu, kwa sababu kule hakuna mwenye haja na PAL. Ndo maana unachomeka king'amuzi kwa waya wa njano nyeupe nyekundu unapata picha isiyo na rangi inapanda juu na kushuka.

Dawa: ingia kwenye setingi za king'amuzi, sehemu ya video au TV, utakuta PAL / NTSC / Auto, weka NTSC. Ukitumia HDMI nayo usidhani umepona, ving'amuzi vyetu vinatoa 50Hz na TV nyingi za Marekani zinakataa 50Hz, unaona kioo cheusi au maandishi kwamba mfumo haukubaliki, wewe badilisha king'amuzi kiwe 720p 60Hz au 1080p 60Hz. Sasa utabadilishaje na huoni kitu? Azima TV ya jirani, chomeka king'amuzi pale, badilisha, kisha rudi nacho kwako. Hii imewaokoa wengi waliokuwa wameshaambiwa na fundi kwamba TV ni mbovu.

HATUA YA 4: CHANELI

Kwa kifupi: antena ya TV ya Marekani haitashika kitu huku, wao wanarusha matangazo kwa mfumo wa ATSC, sisi DVB-T2. Hakuna setingi wala programu ya kubadilisha hiyo. Tumia king'amuzi kupitia HDMI, na YouTube kwa intaneti inafanya kazi kama kawaida. Kisanduku cha kampuni ya dishi ya kule kiacheni hukohuko, huku hakina satelaiti ya kushika.

HATUA YA 5: DISKI NA KANDA

DVD za filamu zina ukanda, yaani namba ya eneo la dunia zinakouzwa, Marekani ni 1, sisi ni 5. Deki ya Marekani ya ukanda 1 haisomi filamu ya ukanda 5. Deki nyingi za bei nafuu tunazonunua madukani huku zinasoma zote, kwa hiyo ukibaki na diski za kule ni rahisi kuliko kubaki na deki ya kule. Ukitumia kompyuta, draivu ya DVD inakuruhusu kubadili ukanda mara 5 tu halafu inajifunga, usichezee hovyo.

Kanda za VHS ni kitu nyeti. Kwa macho kanda ya Marekani na ya kwetu ni zilezile, zinaingia deki zote, lakini kilichorekodiwa ndani ni tofauti, hata mwendo wa mkanda si mmoja. Kanda ya NTSC inataka deki inayosoma NTSC. Na kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai wa Japani, kilifunga kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo zilizopo ndo hizohizo. Kama una kanda ya harusi ya wazazi au yenye sauti ya marehemu, hamishia kwenye kompyuta sasa hivi wakati deki bado inazunguka. Kuna kidude cha USB kinachopokea waya wa njano nyeupe nyekundu, unachagua kwenye programu NTSC au PAL kulingana na kanda, ukikosea hapo unapata picha ya kijivu na utadhani kanda imeoza kumbe nzima.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Ujiji: Mkuu shukrani kwa somo. Mi nina stebilaiza ina matundu mawili, moja 220 lingine 110. Naweza kuchomeka sabufa ya Marekani kwenye hilo la 110 bila transfoma?
Jibu: Unaweza ndugu, tundu lile ni 110 ya kweli, ila soma kitabu chake, mara nyingi tundu la 110 linabeba wati chache kuliko jumla iliyoandikwa kwenye boksi. Na lipime na mita kwanza ukiwa hujachomeka kitu. Jingine, libandike utepe mwekundu, maana watoto wakihamisha plagi kwenda tundu la pili umepoteza sabufa.

Mdau wa Kasulu (dada): Nilimtumia kaka yangu yupo Ohio DVD ya harusi yangu, anasema deki yake inaikataa. Mpiga video aliiharibu?
Jibu: Hapana dada, usimlaumu mpiga video. DVD yako imechomwa kwa PAL na deki nyingi za Marekani hazisomi PAL, hata kama haina kizuizi cha ukanda. Mwambie kaka aiweke kwenye kompyuta afungue kwa programu ya VLC, itacheza. Kwa mbeleni mwambie mpiga video akupe na faili la MP4 kwenye flashi, hilo linafunguka popote.

Mdau wa Tabora mjini: Napiga video za sherehe, nina kamera ya Marekani, ukumbini picha inapepesuka kama taa zinawakawaka, kwa macho taa ziko sawa tu.
Jibu: Kamera yako inahesabu kwa 60Hz na taa za ukumbini zinapepesa kwa umeme wa 50Hz, hazipatani. Weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila picha) iwe 1/50 au 1/100, usiiache kwenye 1/60. Kamera ikiwa na chaguo la 50Hz/60Hz kwenye menyu weka 50Hz. Nje juani haitakusumbua, ni ndani tu.

Mdau wa Kibondo: Baba ana kanda alizorekodi Bujumbura kitambo, kwenye deki yetu zinacheza bila rangi. Zimeshaharibika?
Jibu: Zimerekodiwa SECAM hizo, deki yenu ni ya PAL. Mistari ni ileile 625 ndo maana picha imetulia, ila rangi zinapishana. Tafuta deki iliyoandikwa SECAM au MESECAM, na TV iwe AUTO. Rangi zipo ndani ya kanda, mpe pole mzee asizitupe.

Mdau wa Uvinza: Sisi tunatumia sola. Shemeji kaniletea na inveta kutoka hukohuko, inatoa 120V. Niiuze?
Jibu: Usiuze shemeji yangu, hiyo ndo bahati! Inveta ya kule inatoa 120V 60Hz, ndo chakula halisi cha TV na sabufa za kule, huhitaji transfoma. Hakikisha tu volti ya betri inalingana na inveta, 12 kwa 12, na kwa sabufa iwe ni ile ya pyua sainwevu (inayotoa umeme laini kama wa ukutani), la sivyo utasikia muungurumo. Ila vifaa vya kwetu vya 230 usivichomeke humo.

Mdau aliye Marekani, anarudi Tabora: Nafunga mizigo kurudi nyumbani Kanyenye. Nibebe nini niache nini? Nina TV inchi 55 imeandikwa 120V tu, sabufa, PS4, kamera ya kanda ya Hi8 na deki ya VHS.
Jibu: Karibu nyumbani mkuu. TV iuze huko, kwa gharama ya kusafirisha, transfoma, na usumbufu wa 50Hz utapata mpya Tabora mjini yenye king'amuzi ndani. PS4 beba, inakula umeme wetu. Sabufa beba kama unaipenda kweli na utanunua transfoma kubwa. Kamera ya Hi8 na deki ya VHS usiviache hata wakikupa hela, kama una kanda zako za NTSC huku utahangaika sana kupata cha kuzisomea, na kamera ndo inayosoma zile kanda ndogo. Kama muda upo zihamishe kabla hujaondoka. Kama haupo, kanda zenyewe zikae kwenye begi la mkononi, zisipande kwenye kontena, kule joto ni kali na safari ya meli ni ndefu.