Somo: Kununua BMW X1 iliyotumika na kuishi nayo Mwanza

Somo hili ni kwa mtu anayefikiria kuagiza au kununua BMW X1 ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2015 na ambalo mafundi hulitaja kwa namba E84, naye makazi yake yakiwa Mwanza au popote kandokando ya ziwa. Mimi ninalo la 2013, xDrive20i (xDrive maana yake husukumwa na magurudumu yote manne), kwa mwaka wa nne sasa. Ninaishi Isamilo, ninafanya kazi Nyakato, na karibu kila mwezi ninavuka kwenda Sengerema kuwaona wazazi. Baadhi ya nitakayoyasema yanafaa pia kwa Audi Q3 na Mercedes GLA, lakini namba za injini na vipimo ni vya gari ninalolifahamu.

Kabla ya hatua yoyote, tenga fedha kando. Magari haya yalikuwa ya bei kubwa yakiwa mapya, na ingawa bei yake imeporomoka, bei ya spea zake haikuporomoka pamoja nayo. Mimi humshauri mtu asiye na angalau robo ya bei ya gari iliyobaki benki baada ya kulipia kila kitu, anunue Harrier au RAV4 na alale usingizi.

Hatua ya kwanza: chagua injini kabla ya rangi

X1 nyingi zinazotoka Japani ni za aina mbili. Ipo sDrive18i yenye injini N46 ya cc 1,995 isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na zipo zenye maandishi 20i au 28i ambazo kuanzia 2011 zilipewa injini N20 ya cc 1,997 yenye turbo. Za mwanzo zaidi zenye injini ya silinda sita ya cc 2,996 zipo pia, lakini ukubwa huo unakupandisha daraja la ushuru wa bidhaa, kwa kuwa kiwango cha gari lisilozidi cc 2,000 ni cha chini.

N46 ni tulivu, ila ikichoka hula oili kupitia sili za valvu. Utaitambua asubuhi: mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, kisha simama nyuma ya ekzosi linapowashwa likiwa baridi. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache na kupotea ndiyo dalili yenyewe, na muuzaji aliyekwisha kuipasha injini moto kabla ya wewe kufika anajua anachokificha.

N20 ina nguvu zaidi, na kwa mji ulio juu ya mita 1,134 kutoka usawa wa bahari turbo inasaidia, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake hasa kwenye vilima vyetu. Udhaifu wake ni mnyororo wa taimingi, yaani ule unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni, ambao unaongozwa na vipande vya plastiki vinavyokauka na kukatika. BMW waliviboresha mwanzoni mwa 2015, kwa hiyo karibu magari yote tunayoyanunua sisi ni ya kabla ya marekebisho hayo. Sikiliza sauti nyembamba ya kulia inayopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Ukiisikia, ama punguziwa bei ya kazi nzima ya mnyororo, vipande vyake na mnyororo wa pampu ya oili, ama ondoka.

Kuhusu sDrive na xDrive: katika toleo hili sDrive husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Anayepanda barabara ya udongo na mawe kila siku, hasa masika ya Machi hadi Mei, atafute xDrive. Anayeishi Nyegezi au Buzuruga karibu na lami hana haja ya kulipia uzito huo.

Hatua ya pili: karatasi ya mnada na hesabu ya ushuru

Omba karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani, na uitafute namba ya chesisi juu yake. Gari lililoandikwa R limewahi kugongwa na kutengenezwa. Si lazima uliache, lakini usililipie bei ya gari safi. Hesabu ya ushuru ifanye mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, na kumbuka kwamba gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa uchakavu. Ukinunua lililokwisha kusajiliwa hapa nchini, liangalie kwa namba zake kama lina deni la faini za trafiki, kwa sababu deni hufuata namba, halimfuati aliyelisababisha.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza

Badilisha oili na filta yake bila kujali alichokuambia mwenye gari. Oili iwe 5W-30 yenye kibali cha BMW Longlife-01 kilichoandikwa nyuma ya galoni. Kompyuta ya gari itakuambia usubiri hadi kilomita 25,000. Mimi hubadilisha kila kilomita 8,000, maana vumbi letu, foleni ya Igoma na safari fupi za mjini haviko katika hesabu ya kompyuta hiyo. Injini nyingi za BMW za miaka hiyo hazina kijiti cha kupimia oili, kwa hiyo jifunze kusoma kipimo kwenye kioo cha dashibodi, gari likiwa limesimama tambarare na injini ikiwa na moto.

Redio ya Japani haitazipata stesheni zetu nyingi, kwa kuwa masafa yake huanzia 76 na kukomea karibu na 90, ilhali yetu yanaenda hadi 108. Kifaa cha kubadilisha masafa kipo madukani na hufungwa kwa muda mfupi.

Hatua ya nne: mfumo wa kupoza injini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipolipa.

Dashibodi ya X1 hii haina mshale wa joto. Kuna taa tu, na ikiwaka nyekundu umeshachelewa. Kwenye N20 pampu ya maji inaendeshwa kwa umeme badala ya mkanda, nayo hufa bila kuaga. Yangu ilikufa mwaka wa pili, nikaipeleka gereji moja hapa mjini, wakafunga mpya kwa siku moja. Siku tatu baadaye nilikuwa narudi kutoka Sengerema, enzi hizo tukisubiri kivuko Busisi kwa saa nzima. Nilipopita Usagara nikanusa harufu tamu, kama sukari inayoungua sufuriani, na kabla sijatafuta mahali pa kusimama taa ikawaka. Nilipofungua boneti, tangi la plastiki la maji lilikuwa limepasuka ubavuni, ufa mwembamba kama unywele, na kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ilikuwa ikichuruzika juu ya kinga ya injini. Mafundi wale walifunga pampu nzima kabisa. Walichosahau ni kutoa hewa iliyobaki ndani ya mabomba.

Kutoa hewa kwenye pampu ya umeme hakufanani na kwenye Toyota. Injini ikiwa imepoa, jaza kulanti, unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, weka joto la ndani kwenye kiwango cha juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini kabisa, kisha kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho kwa sekunde 10. Utasikia pampu ikianza kuvuma yenyewe, nayo itaendelea kwa takribani dakika 12. Ikinyamaza, fungua kifuniko, ongeza kilichopungua, na urudie. Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Yale ya betri yasiyo na asidi yanafaa, ya bomba hayafai. Na ukisikia pampu au feni ikiendelea kufanya kazi baada ya kuzima gari mchana wa jua, usishtuke, ndivyo ilivyotengenezwa.

Jambo moja la kwetu tu: wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi hujaa mbele ya rejeta na ndani ya chujio la hewa. Ukipita katikati ya wingu lao usiku, kesho yake fungua uangalie. Waoshe kwa maji ya msukumo mdogo, kwa sababu mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi ya rejeta.

Hatua ya tano: matairi

X1 ilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea bila upepo kwa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na kwa hiyo haikupewa tairi la spea. Kwa mtu wa Ulaya hilo linatosha. Kwa anayekwenda Shinyanga, kilomita kama 165, halitoshi, na mbavu ngumu za matairi hayo huifanya kila kokoto isikike kiunoni. Mimi nilihamia matairi ya kawaida ya 225/50 R17 na kununua rimu ya tano inayokaa kwenye buti. Inakula nafasi, lakini sijajuta. Rimu za inchi 18 ni nzuri kwa picha.

Mwenye xDrive azingatie hili zaidi ya yote: matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja na yamelika kwa kiwango kinachokaribiana. Ukifunga moja jipya na kubakiza matatu yaliyochakaa, boksi ya transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma itadhani gurudumu linateleza wakati wote, na itakufa kwa kazi hiyo.

Hatua ya sita: fundi, kompyuta na betri

Tafuta fundi mwenye mashine inayoongea na BMW kwa kina, maana ile ya jumla husoma taa ya injini na kuishia hapo. Muulize swali moja tu: nikibadilisha betri, utafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba ataisajili betri mpya kwenye kompyuta ya gari, ili alteneta isiendelee kuichaji kama ile kuukuu. Betri yenyewe iko nyuma, kwenye buti. Anayeanza kuitafuta chini ya boneti, mshukuru na uondoke.

Spea nyingi zitatoka Dar es Salaam, Gerezani Kariakoo, na kupandishwa basi la usiku. Tuma picha ya kipuri cha zamani pamoja na tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, kwa kuwa gari la Machi na la Septemba la mwaka uleule yanaweza kutofautiana.

Hatua ya saba: bima

Chukua bima kubwa, na uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo unayoilipia. Taa moja ya mbele ikivunjika utaelewa kwa nini.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

Mwanachama wa Buswelu: Ndugu mwalimu, nimeambiwa oili ya giaboksi ya BMW haibadilishwi maisha yote. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, maisha yanayosemwa hapo sijui ni ya nani. Giaboksi ya gia nane kwenye gari langu imetengenezwa na ZF, na ZF wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Magari tunayonunua yameshapita yote mawili. Ibadilishwe pamoja na sampu yake ya plastiki (bakuli la chini linaloshika oili), kwani filta imo ndani ya sampu hiyo, na kipimo cha oili kifanyike kwa joto maalumu linalosomwa kwenye mashine.

Mwanachama wa Bukoba: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu, mshahara unajulikana. Naweza kulimudu?

Jibu: Marahaba, dada. Nitakujibu bila kuzunguka. Kama gari ni moja tu nyumbani na likilala gereji wiki mbili likisubiri spea kutoka Dar watoto hawaendi shule, usilinunue sasa. Kinachowashinda wengi ni siku za kusubiri kuliko gharama yenyewe. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, kwa hiyo hapo hutabanwa. Utabanwa na mafuta, matairi na subira.

Mwanachama wa Musoma: Petroli ya vituo vya vijijini inaiharibu N20?

Jibu: Injini hii hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, na uchafu au maji huumiza pampu na nozeli. Jaza tangi kwenye kituo chenye wateja wengi, na usikubali lishuke chini ya robo ukiwa safarini. Bei za kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo anayekuuzia nafuu sana kuliko majirani zake muulize anaitoa wapi.

Mwanachama wa Geita: Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, bado unapata joto kwenye ile safari?

Jibu: Hapana, lakini sehemu ya sifa ni ya daraja na sehemu ni ya tangi jipya. Ile saa ya kusimama foleni injini ikinguruma na kiyoyozi kikivuta haipo tena. Zile kilomita 3 za juu ya maji zinapitika kwa dakika chache. Hata hivyo, bado ninafungua boneti Sengerema kabla ya kurudi, injini ikiwa imepoa, na kuangalia kama kulanti imebaki palepale.

Mwanachama wa Kirumba: Mke wangu hununua dagaa na sato Mwaloni kila Jumamosi. Viti ni vya ngozi. Tufanyeje?

Jibu: Ngozi haina shida, hufutwa. Shida ni buti, kwa sababu maji ya samaki yakipenya chini ya zulia yanaifuata betri ileile niliyoitaja na nyaya zilizo karibu nayo, na harufu haitoki hata ukiosha mara kumi. Nunua beseni la plastiki lenye kifuniko linaloingia sawasawa kwenye buti, samaki wakae humo na barafu yao. Dagaa wakavu wafungwe kwenye viroba viwili, na usizungushe hewa ya ndani hadi ufike nyumbani. Sisi tulijifunza baada ya sangara mmoja wa kilo sita, na hadi leo mvua ikinyesha vioo vikiwa vimefungwa, anarudi.